Goti linaloitwa Kinshasa: kachi nzuri haivunji mtu shingo

Kuna pigo moja la kachi ambalo vijana wengi wa Salamabila wamelishaona kwenye simu, lakini si wote wanaojua lilitoka wapi. Mjapani Shinsuke Nakamura anarudi nyuma mpaka kwenye kona ya ringi, anatetemeka kama mtu mwenye homa, halafu anakimbia na kumpiga mwenzake goti la uso. Alipokuwa bado anacheza kwao Japani, pigo hilo liliitwa Boma Ye. Alipohamia Marekani mwaka 2016, wakalipa jina lingine: Kinshasa.

Kwa hiyo jina ni letu. «Boma ye» ni Lingala, maana yake «muue». Ndivyo watu wa Kinshasa walivyokuwa wakiimba alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipokutana na George Foreman kwenye uwanja wa 20 Mai, ambao leo tunauita Tata Raphaël. Miaka miwili baadaye Ali akaenda Tokyo kukutana na Antonio Inoki, bingwa wa kachi wa Japani. Kisha muziki wa filamu ya maisha ya Ali ukawa muziki wa Inoki wa kuingilia ringini, wenye kelele ileile ya Kinshasa ndani yake: «Inoki Bom-Ba-Ye». Nakamura alikulia katika kampuni aliyoianzisha Inoki, naye akalichukua neno hilo.

Ninaikumbusha habari hii kwa sababu ya ubishi unaosikika kila mahali vijana wanapokusanyika mbele ya skrini moja, hapa kwetu na hata Kasongo. Mmoja anasema kachi ya Marekani ni sinema. Mwingine anasema kachi ya Kinshasa ni uchawi. Wa tatu anamaliza maneno: kachi ya Japani ndiyo ya kweli, kwa sababu pale watu wanapigana kweli. Kwa maoni yangu, huyu wa tatu ameona kitu kizuri lakini amekieleza vibaya, na kukieleza vibaya namna hiyo kunaweza kuumiza watu.

Tuanze na pambano la Ali na Inoki lenyewe, tarehe 26 Juni 1976, kwenye ukumbi wa Nippon Budokan. Kama ukweli wa pigo peke yake ungetosha, lingekuwa pambano kubwa kuliko yote, maana hakuna aliyekuwa amekubali kumwachia mwenzake ushindi. Inoki alilala chini karibu muda wote, akawa anampiga Ali mateke ya miguuni. Ali alirusha ngumi chache sana. Raundi 15 zikaisha sare. Miguu ya Ali iliumia hata akahitaji hospitali, na watu waliolipa pesa zao wakatupa takataka ringini kwa hasira. Pambano lilikuwa la kweli, na lilichosha kila mtu aliyelitazama.

Sasa litazame pambano la Kenta Kobashi na Kensuke Sasaki, tarehe 18 Julai 2005, kwenye Tokyo Dome. Kachi ni mchezo wa mapatano, na kila mtazamaji mzima anajua hivyo. Lakini wanaume hao wawili walisimama uso kwa uso na kuanza kupigana makofi ya kifuani, kimoja kwako, kimoja kwangu, dakika baada ya dakika. Vifua viligeuka vyekundu. Ukumbi wote ukawa unalia pamoja na kila kofi. Hakuna aliyeruka, hakuna aliyeshika kiti. Ni mkono na kifua tu, na mpaka leo wapenzi wa kachi wanalizungumza pambano hilo.

Tofauti ni nini? Ninaona mambo matatu.

La kwanza, pigo halifichwi, lakini limechagua mahali pa kutua. Kofi la Kobashi linauma kweli. Hakuna ujanja wa kulifanya lisiume. Lakini kifua cha mtu aliyejizoeza kina nyama na kina mifupa inayoweza kubeba. Anayepiga kwa nguvu zake zote anaweza kufanya hivyo kwa sababu amechagua sehemu ambayo mwenzake anaweza kuitoa tena kesho.

La pili ni yule anayepokea. Watu wengi humtazama anayepiga, lakini pambano linajengwa na aliyepigwa. Sasaki angekimbia, pambano lingekufa. Angejifanya hasikii kitu, lingekufa pia. Yeye alisimama, akaonyesha kwamba imeuma, magoti yakalegea kidogo, kisha akainua kifua tena. Hata Ali pale Kinshasa alishinda kwa namna hiyo: raundi nyingi aliegemea kamba na kuziacha ngumi za Foreman zimchoshe mwenyewe Foreman, mpaka raundi ya nane alipomwangusha. Wanaokumbuka usiku ule wanakumbuka mtu aliyejua kupokea.

La tatu, kuna mpangilio. Pigo dogo linazaa pigo kubwa, na kila pigo lina jibu. Ukianza na kubwa kuliko yote, dakika ya tano hauna tena cha kuonyesha, na kinachobaki ni kujiumiza.

Mchimbaji wa dhahabu wa hapa kwetu haya anayaelewa bila kufundishwa. Wawili wakiwa kwenye mwamba, mmoja ameshika chuma na mwenzake anapiga nyundo, yule wa nyundo hapigi polepole. Akipiga polepole, mwamba hauvunjiki. Lakini hapigi mkono wa mwenzake. Nguvu yote, na uangalifu wote, kwa pigo moja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hatengenezi kachi.

Najua nitakachojibiwa. Wapenzi wa kachi ya Japani watasema hatari ndiyo inayowafanya washike roho mkononi, na wakiondoa hatari wameondoa utamu. Jibu hili lina uzito. Tarehe 1 Machi 2003 Mitsuharu Misawa alimbeba Kobashi na kumtupa kinyumenyume kutoka kwenye njia ya kuingilia ringini mpaka chini sakafuni. Wako wengi wanaolihesabu pambano hilo kati ya makubwa kuliko yote. Mimi pia siwezi kusema si kubwa.

Lakini hesabu haiishii hapo. Tarehe 13 Juni 2009, huko Hiroshima, huyohuyo Misawa alitupwa kinyumenyume, kwa tupo ambalo wanakachi wa Japani hulipokea mara nyingi sana. Hakuinuka tena. Alikufa siku hiyo kwa jeraha la shingo, akiwa na miaka 46. Aliyemtupa hakufanya kosa la ajabu. Shingo iliyopokea miaka mingi ya kutupwa ilifika mwisho wake.

Tarehe 9 Aprili 2017 ilikuwa zamu ya Katsuyori Shibata. Alimpiga Kazuchika Okada kwa kichwa chake mwenyewe, fuvu kwa fuvu, bila kinga yoyote. Damu ikamtoka kwenye paji la uso. Video ya pigo lile imezunguka dunia nzima. Okada ndiye aliyeshinda. Shibata alianguka baada ya pambano, akapasuliwa kichwa kwa sababu damu ilivuja ndani, akakaa miaka bila kupambana. Kofi la Kobashi liliweza kurudiwa mara mia. Kichwa cha Shibata kilitoa pigo moja, na likamtoa yeye ringini. Ukiniuliza lipi kati ya hayo mawili ni pigo la mwanakachi mkubwa, sitasita.

Sasa turudi nyumbani. Kongo ina kachi yake ya zamani. Kinshasa ilimjua Kelekele miaka ya 1970, na kizazi kilichofuata kikamjua Edingwe, pamoja na kachi ya fetishi: ngoma, nyoka, mpinzani anayeanguka bila kuguswa. Sidharau. Ni tamthilia ya watu, na inajaza viwanja. Lakini vijana wa hapa hawakuivutiwa sana nayo; wao wanaitaka ile ya Japani, ya kofi linalosikika. Na ninadhani najua kwa nini.

Salamabila ni mji wa watu wanaofanya kazi kwa mwili. Wametoka Kasongo, wametoka Kabambare, wametoka Kivu ya Kusini na mbali zaidi, kwa sababu ya dhahabu. Kampuni ya Banro ilianza kuzalisha dhahabu Namoya, ikasimamisha kazi mwaka 2019 kwa sababu ya usalama mdogo. Mai-Mai wamepita, wanajeshi wamepita, na wakaaji wamekimbilia porini zaidi ya mara moja. Kijana aliyekulia hapa amepokea mapigo ambayo hakuna aliyemuuliza kama anayakubali. Si ajabu avutiwe na mtu anayepokea pigo kwa kutaka, mbele ya watu, na kubaki amesimama.

Japani yenyewe ilianza hivyo. Mwaka 1954, miaka tisa tu baada ya kushindwa vita, watu walijaa barabarani mbele ya televisheni chache zilizowekwa nje, kumtazama Rikidozan akiwapiga wanakachi wa kigeni kwa ubavu wa mkono. Familia nyingi hazikuwa na televisheni. Walitazama kwa pamoja, kama sisi tunavyotazama. Rikidozan mwenyewe alizaliwa Korea, jambo ambalo wengi wao hawakulijua. Walichotaka ni kumwona mtu aliyeonewa akikataa kubaki chini. Inoki alikuwa mwanafunzi wake.

Kwa hiyo siwaambii wazazi wazime simu. Mtoto akitazama vizuri, kachi inamfundisha jambo ambalo bunduki haijawahi kumfundisha: kwamba mwenye nguvu anaweza kupiga kwa nguvu zote na bado akaulinda mwili wa mwenzake. Ninachokataa ni vijana kuiga kwenye mchanga wa mto au kwenye udongo mgumu wa machimbo mambo ambayo yaliwavunja hata mabingwa. Kumtupa mtu kwa kichwa, kugonganisha mafuvu, kuruka kutoka juu ya ukuta: hayo si ushujaa. Huko Japani mtu anafundishwa kuanguka kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kumtupa mwenzake. Hapa kwetu, mwenye kuvunjika shingo anasafirishwa kwa pikipiki, kwa barabara tunazozijua, na kila shimo la njiani linamzidishia.

Anayetaka kuleta kachi Salamabila, na ningependa aje, atimize masharti machache kabla ya kuuza tiketi. Ringi iwe na ubao unaonesa na godoro juu yake, isiwe mbao zilizopigiliwa juu ya mawe. Munganga awepo tangu pambano la kwanza, si aitwe baada ya mtu kuanguka. Mapigo ya kichwa kwa kichwa yakatazwe. Watoto wasiingizwe ringini. Mwamuzi awe na haki ya kusimamisha mchezo hata kama watu wanapiga kelele, na viongozi wa mji wamuunge mkono anapofanya hivyo. Hakuna sharti hata moja hapo linalopunguza utamu. Kofi la kifuani litasikika vilevile.

Na sisi watazamaji tuna sehemu yetu. Wanakachi hutoa kile ambacho watu wanakishangilia. Tukinyamaza kofi linapopigwa vizuri na kupiga kelele mtu anapoangukia shingo, tutapewa shingo. Waliopaza sauti «boma ye» pale Kinshasa mwaka 1974 hawakutaka kumuona Foreman amekufa. Alihesabiwa, akasimama, akarudi kwao, na baadaye yeye na Ali wakawa marafiki. Hata Kobashi alimshinda Sasaki usiku ule wa 2005, na Sasaki akaendelea kupambana mpaka mwaka 2014. Pambano kubwa ni lile ambalo aliyeshindwa anaweza kurudi nyumbani na kulisimulia yeye mwenyewe.