Maana ya neno anaijua, sentensi hana

Mtihani wa darasa la saba ukishapita Septemba, nyumba nyingi hubaki na mtoto asiye na cha kufanya mpaka Januari. Wenye uwezo humpeleka tuisheni ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Wengine humnunulia daftari na kumwambia akae ajifunze Kiingereza, kwa sababu huko sekondari karibu masomo yote yanafundishwa kwa lugha hiyo. Mtoto naye anakaa. Anachora mstari katikati ya ukurasa, kushoto anaandika neno la Kiingereza, kulia maana yake kwa Kiswahili, na baada ya wiki tatu amejaza kurasa kumi na mbili. Mzazi akilipitia daftari anafurahi.

Sasa funika upande wa kulia kwa mkono umuulize maana. Mengi atayajibu. Halafu mwambie achague neno lolote kati ya hayo atunge sentensi moja. Watoto wengi hukwamia hapo hapo, na wakijaribu, wanachotoa ni Kiswahili kilichovalishwa maneno ya Kiingereza.

Hatari yake si kuchekwa na wenzake. Januari mtoto huyo huyo atakaa mbele ya mwalimu wa Biolojia, wa Jiografia na wa Hisabati, na kila mmoja atazungumza kwa sentensi. Hakuna atakayemsomea orodha. Mtoto aliyekuwa wa tano darasani kijijini anaweza kujikuta haelewi swali ambalo jibu lake analijua vizuri kwa Kiswahili, na kabla ya likizo ya Juni ameshajiona hana akili. Mzazi naye, akiona ripoti, huamini hivyo hivyo.

Tatizo linaanzia kwenye ule mstari wa katikati ya ukurasa. Unamfundisha mtoto kwamba kila neno la Kiingereza lina pacha wake mmoja wa Kiswahili, na lugha hizi mbili hazikugawana dunia namna hiyo.

Tazama neno kuazima. Kwa Kiswahili cha kila siku mtu husema "nimeazima kalamu kwa Juma" na pia "niazime kalamu yako", neno ni moja. Kiingereza kimeligawa kufuata upande uliosimama: anayepokea ni "borrow", anayetoa ni "lend". Mtoto aliyeandika "borrow, kuazima" akaishia hapo atamwambia mwenzake "Borrow me your pen", na hata watu wazima wenye vyeti husema hivyo maofisini. Dawa yake ni sentensi mbili za tukio moja: "My brother borrowed a bicycle from our neighbour." Kisha: "Our neighbour lent my brother a bicycle." Baiskeli ni ile ile, jirani ni yule yule. Mtoto akiziandika moja chini ya nyingine, huona mwenyewe kwamba "borrow" hutembea na "from", kitu ambacho orodha ya maana haimwonyeshi.

Kusikia nako kuna mitego. Kiswahili kinasikia sauti, kinasikia njaa, kinasikia harufu ya maandazi, kinasikia baridi. Kwa Kiingereza "hear" ni kazi ya masikio peke yake. Njaa na baridi huchukua "feel", harufu huchukua "smell". Na neno kupiga ndilo baba wa mitego yote: simu, picha, pasi, mswaki, kelele, magoti, chafya, vyote Kiswahili kinavipiga, na Kiingereza kina neno lake kwa kila kimoja. Mtoto mwenye "beat, kupiga" kwenye daftari lake ataipiga simu kweli kweli.

Safari nyingine Kiingereza ndicho chenye neno moja. Shambani Kyela uko mpunga, gulioni upo mchele, mezani upo wali, na Mwingereza anaita vyote "rice". Ni jirani za neno zinazoonyesha linasema nini: "We harvested the rice in June" ni mpunga, "We ate rice and beans" ni wali. Mtoto akizitafsiri sentensi hizo kwa Kiswahili, hugundua kwamba anachagua maana kwa kutazama maneno ya pembeni, na hiyo ndiyo kazi atakayoifanya kila siku akisoma kitabu cha sekondari.

Huko sekondari maneno yenyewe hubadilika kutoka kipindi hadi kipindi. "Solution" aliyoijua kama ufumbuzi wa tatizo, kwenye Kemia ni myeyusho, kama chumvi ndani ya maji. "Volume" ya redio ni sauti, ya tangi kwenye Hisabati ni ujazo. "Mean" inaweza kuwa kumaanisha, inaweza kuwa bahili, na mwalimu wa Hisabati akisema "Find the mean of 4, 6 and 8" anataka wastani, yaani 6. Kuna neno moja linaloumiza zaidi kwa sababu limekaa kwenye swali lenyewe: "State three functions of blood." Mtoto anajua "state" ni dola au hali. Anajua kazi za damu. Swali analiacha wazi, kwa kuwa hajui kwamba hapo "state" ni kitenzi kinachomwambia ataje.

Kwa hiyo maneno ya kuanza nayo yasiwe yale ya kujionyesha. Orodha zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hupenda maneno marefu yanayopendeza kuyatamka, ambayo mtoto anaweza kumaliza miaka minne bila kukutana nayo. Mwalimu Mwingereza Michael West mwaka 1953 alitoa orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi, na mengi ni madogo madogo. Katika madogo hayo yatafute yanayofunga sentensi: "although", "unless", "instead", "until". Hayo ndiyo yanayogeuza maana ya swali zima. "Do not open the book unless the teacher tells you" anayesoma kwa kurukaruka hubaki na "open the book" na "teacher tells you", akafungua. Kwa Kiswahili ni "usifungue kitabu mpaka mwalimu akuambie". Baada ya hayo yaje maneno ya kuamuru ya mitihani: "state", "define", "describe", "explain", "compare".

Maneno matatu kwa siku yanatosha. Ishirini ni mengi mno, yatamtoka yote kabla ya Jumapili. Badala ya mstari wa katikati, kila neno lipewe nafasi yake kwenda chini: neno lenyewe, maana kwa Kiswahili, halafu sentensi mbili. Ya kwanza ainakili kutoka kwenye kamusi au kitabu cha shule, ili awe na kielelezo sahihi. Ya pili aitunge mwenyewe, na iwe ya kweli kuhusu watu na vitu vya nyumbani kwao.

Kamusi ya Kiingereza yenye mifano ya sentensi iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wageni ni jambo la karne iliyopita tu. A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Japani, na wenzake waliandaa kamusi iliyochapwa huko mwaka 1942 kwa ajili ya wanafunzi wageni, ikionyesha kitenzi kinavyopangwa ndani ya sentensi. Mwaka 1948 Oxford wakaitoa upya, na kamusi za wanafunzi zilizoko madukani leo zimefuata njia hiyo. Kwa maana ya Kiswahili ipo Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka 1996. Ukiinunua, mfundishe kwanza herufi ndogo zinazofuata neno, n kwa nomino na v kwa kitenzi. Bila hizo atachukua maana ya juu kabisa na kuifunga kitabu, na hivyo ndivyo "state" inavyobaki dola.

Wapo wazazi watakaosoma mpaka hapa na kusema, "Kiingereza chenyewe sikijui, nitamsimamiaje?" Kazi ipo, tena inataka Kiswahili. Mtoto akimaliza, mwambie asome sentensi yake ya pili kwa sauti, kisha akueleze kwa Kiswahili imesema nini.

"Mama, nimeandika kwamba bibi alimkopesha mama Rehema shilingi elfu tano."

"Nani alitoa hela, mwanangu?"

"Bibi."

"Na hilo neno uliloandika ni la anayetoa au la anayepokea?"

Hapo mtoto mwenyewe atarudi kutazama kama ameandika "lent" au "borrowed". Mama hakuhitaji kujua jibu. Alihitaji kulijua tukio, na tukio la nyumbani kwake analijua kuliko mwalimu yeyote. Akisikia sentensi inayotaja theluji, au mtu mwenye jina la kizungu anayepanda treni kwenda London, ajue mtoto amenakili mara mbili, amrudishe. Bibi anaweza kuifanya kazi hii, na kaka wa kidato cha pili anaweza kuiharibu kwa kucheka.

Makosa yatakuwepo. Mtoto akiandika "My mother cook rice" bila ile "s", mwenye kujua asahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine na yaishe, mradi maana imefika. Kinachostahili kusimamishwa ni neno lililotumika upande usio wake, kwa kuwa hilo likizoeleka kulitoa ni shida.

Simu nayo ina kazi, ingawa ndogo. Ni nzuri kwa kusikiliza matamshi, maana "knife", "comb" na "Wednesday" zina herufi zinazoandikwa tu bila kutamkwa, na mtoto aliyezoea Kiswahili husoma kila anachokiona. Kwa tafsiri, aingize sentensi nzima. Akiingiza neno moja, simu itampa pacha mmoja, na mtarudi kule kwenye orodha.

Jumamosi msiongeze maneno mapya. Mtoto afunike sentensi zake za wiki kwa karatasi, aone maana ya Kiswahili peke yake, ajaribu kuitoa sentensi kwa mdomo. Zile zilizomshinda aziwekee alama ya nyota azirudie Jumatatu pamoja na matatu mapya. Neno lililopata nyota tatu mara nyingi lilipewa sentensi isiyomhusu. Atunge nyingine, safari hii imtaje mtu anayelala nyumba moja naye.