Upanga wa Ulaya Una Kitabu, Fimbo ya Babati Haina

Wapo vijana wa Kitanzania, baadhi yao wanafunzi wangu, wanaoweza kukueleza kwa ufasaha namna Mjerumani wa karne ya 15 alivyoshika upanga wa mikono miwili. Wameyaona hayo katika video za vilabu vya Ulaya na Marekani, ambako wahasibu, walimu na madaktari hukutana jioni, huvaa barakoa za wavu wa chuma na makoti mazito ya kinga, kisha hupigana kwa panga butu zilizotengenezwa kwa vipimo vya zile za kale. Sina ugomvi na mvuto huo. Ninachotaka kukijadili ni namna vilabu hivyo vilivyoupata ujuzi vinaoufundisha, kwa sababu habari hiyo inatuhusu sisi wa Babati kuliko tunavyodhani.

Ujuzi huo ulikwishakufa. Bunduki ziliuondoa upanga vitani, na mchezo wa vitara ulioingia katika Olimpiki mwaka 1896 ukabaki na silaha nyepesi na kanuni zake mpya. Mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi ulikatika. Vilabu vya leo, vilivyoanza kuenea hasa katika miaka ya 1990, havikurithi kitu kutoka kwa mzee yeyote, vilifungua miswada. Mkongwe kati ya inayojulikana ni muswada wa Kilatini kutoka Ujerumani, wa yapata mwaka 1300, ambao sasa umehifadhiwa Leeds, Uingereza. Ndani yake kasisi anamfundisha mwanafunzi kutumia upanga na ngao ndogo. (Wapo watakaoshangaa kwamba mwalimu ni kasisi, na kwamba katika kurasa za mwisho anatokea mwanamke anayepigana vilevile.) Mwitaliano Fiore dei Liberi aliandika kitabu chake mwanzoni mwa karne ya 15. Mafundisho ya Johannes Liechtenauer yaliwekwa katika beti za mafumbo ili mgeni asiyaelewe, na waliomfuata ikawabidi waandike maelezo marefu ya kuyafumbua.

Hata kwa hazina hiyo, kazi ni ngumu. Picha huonyesha mwanzo wa pigo na mwisho wake. Kilichotokea katikati hakionekani. Ndiyo maana vilabu viwili vinaweza kusoma ukurasa mmoja vikatoka na mapigo mawili tofauti, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Wangekuwa na mzee mmoja tu wa kumuuliza, ubishi huo ungemalizika asubuhi moja.

Sisi tunaye mzee huyo. Anaishi Nakwa, anaishi Dareda, anaishi Hanang. Babati ni mji wa Wagorowa, Wairaqw, Wabarbaig, Warangi na wengine wengi, na kwa wafugaji wa eneo hili fimbo haijawahi kuwa pambo. Sisi tuliochunga ng'ombe utotoni tulifundishwa na kaka zetu kukinga kabla ya kupiga, na kupiga kichwa kulikuwa mwiko. Hakuna aliyeyaita mambo hayo somo, wala hakuna aliyeyaandika. Pwani nako, watu wa Lamu na Unguja wana kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa kwa zumari na ngoma. Na Makunduchi, katika sherehe za Mwaka Kogwa, wanaume hupigana hadharani kwa mashina ya migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishie pale pale.

Serikali yetu iliridhia mwaka 2011 ule mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 unaohusu kulinda urithi wa utamaduni usioshikika. Misri, kwa kutumia mkataba huo huo, iliuingiza tahtib, mchezo wa fimbo wa kusini mwa nchi hiyo, katika orodha ya urithi wa dunia wa aina hiyo mwaka 2016. Kwetu fimbo imeangukia kati ya ofisi mbili. Afisa utamaduni huitafuta anapohitaji ngoma ya kumpokea mgeni, na akishaipata humwambia mzee aichezeshe haraka kwa sababu ratiba imebana. Afisa michezo haitambui kabisa, kwa kuwa haina chama, haina katiba wala kombe. Ufundi wenyewe, yaani mguu, kiwiko, umbali na muda wa kungoja, hauna mwenyewe katika halmashauri.

Nimewahi kujibiwa kwamba mkoa wa Manyara hauhitaji kuwafundisha vijana kupigana. Pingamizi hilo ni zito, na anayekumbuka mauaji ya Kiteto ya mwaka 2014 kati ya wakulima na wafugaji hawezi kulipuuza. Lakini mgogoro ule ulikuwa wa ardhi na mipaka, na watu hawakufa kwa sababu kulikuwa na ufundi mwingi mno wa fimbo. Wala sidai kwamba mchezo utamaliza migogoro ya ardhi. Hiyo ni kazi ya mabaraza, mahakama na uongozi ulio mwadilifu. Ninadai jambo dogo zaidi: kuurekodi ujuzi si sawa na kuandaa vita, na miiko ya nani apigwe, wapi na kwa kiasi gani ni sehemu ya ujuzi huo huo tunaouacha upotee.

Lugha ya Kigorowa imetangulia. Rekodi zake za sauti na video zimo katika ELAR, hifadhi ya lugha zilizo hatarini iliyoanzishwa London. Inasikitisha kidogo kwamba hifadhi hiyo iko mbali hivyo, lakini angalau ipo.

Mwanafunzi anayetoka Babati na anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanza likizo hii, na simu yake inatosha. Amuulize mzee mguu upi hutangulia, mkono wa pili hufanya nini, pigo hili huitwaje na lipi limekatazwa. Amrekodi kutoka mbele na kutoka ubavuni, polepole kwanza, kisha kwa kasi yake ya kawaida. Majina ya mapigo ayaandike kwa lugha ya mzee kabla ya kuyatafsiri.