Simba wa Isiolo na vikaragosi vya Gado
Tangu kianze mwaka 2009, The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi vya mpira alichokibuni mchora katuni Gado, kimewasuta wanasiasa wa Kenya bila woga, na nakipenda kwa hilo. Sasa natamani kiwageukie wenye filamu na televisheni, na hadithi ya kuanzia iko hapa Isiolo. Elsa, simba yatima aliyepatikana 1956, alilelewa mjini humu na George Adamson, msimamizi wa wanyamapori, na mkewe Joy. Kitabu cha Joy, Born Free, kilitoka 1960. Filamu ikafuata 1966, ikapigwa Naro Moru, ikazoa Oscar mbili za muziki. Kijana Nuru, mfanyakazi wa akina Adamson, ndiye aliyeshinda na Elsa na ndugu zake walipokuwa wadogo, akiwachunga wasipotee. Yumo kitabuni, yumo hata kwenye filamu, ila siku zote tunamwona kwa macho ya mwajiri wake. Basi nipeni sehemu hii: kikaragosi cha Elsa kinaingia ofisi ya watayarishaji Nairobi, vumbi la Isiolo miguuni, kinabandika kucha juu ya mkataba na kuuliza Nuru alilipwa nini. Kisha Nuru mwenyewe ashike maikrofoni, asimulie tangu mwanzo. Na waandishi watoke huku huku, Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, walipwe sawa na wenzao wa Nairobi, maana kamera nyingi zinazopanda kaskazini bado hupiga picha za ngamia na milima, zikageuza gari kabla hazijamuuliza mtu jina.