Kiswahili cha Randy Weston na Kiswahili cha Uvira

Kwetu Uvira ukitaja "jazz", mzee yeyote atakujibu OK Jazz: Franco, magitaa, rumba. Nami nilikuwa hivyo mpaka mwaka jana, mwenzangu wa darasa aliponitumia kwenye simu albamu ya mpiga piano wa Brooklyn, Randy Weston. Jina lake linamshtua mwanafunzi wa lugha za Kiafrika: Uhuru Afrika. Hakuna "wa" katikati. Mwalimu wetu wa sarufi angepitisha kalamu nyekundu hapo. Mwanzoni mwa albamu Mtanganyika mmoja, Tuntemeke Sanga, anasoma kwa Kiswahili shairi la Langston Hughes. Ni New York, Novemba 1960.

Weston hatajwi sana. Watu wakihesabu wapiga piano wa jazi ya wakati ule, ile yenye mapigo mazito na ladha ya bluzi na ya kanisa, huanza na Thelonious Monk, hupita kwa Horace Silver, na mara nyingi huishia hapo. Albamu hii yenyewe huenda ilichangia. Weston alikusanya wanamuziki zaidi ya ishirini, Max Roach na Babatunde Olatunji kwenye ngoma, Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, kisha yeye kiongozi akakaa nyuma yao. Aliyeupanga muziki ni Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye naye anadai makala yake. Piano inatembea chini, kwenye sauti nzito, kama mtu mrefu anayepita chumba cha pili. Ukiisubiri ije mbele kama gitaa la Franco, utasubiri sana. Mimi nampendea hilo.

Weston alisimulia kwamba alipotafuta lugha ya Kiafrika ya kufungulia albamu, aliwauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa, nao wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Alitaka lugha isiyo ya kabila moja. Serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini ilimwelewa vizuri: mwaka 1964 iliipiga marufuku albamu hiyo.

Nilimsikilizisha nyanya yangu mzaa mama sauti ya Sanga. Alinyamaza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyu mutu ni wa wapi?"

Ndilo swali la kwanza kwetu. Nilizaliwa milimani, si mbali na Mulenge, nikakulia mjini, mtaa wa Mulongwe. Katika kiwanja chetu tulikuwa Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Wanyamulenge na familia moja kutoka Bujumbura, na Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kugombania bomba la maji na kupatana kabla ya jua kuzama. Hapo Weston hakukosea. Lakini niliwahi pia kusimama kwenye kizuizi cha barabara, nikamsikia kijana aliyekuwa mbele yangu akiambiwa arudie polepole neno alilolitamka. Hawakutaka kitambulisho. Walitaka kusikia lafudhi. Kiswahili hakina kabila, lakini mdomo unaokisema unalo, na anayetafuta kisa atalisikia.

Hata mwezi ule wa Novemba mambo yalikuwa hivyo. Weston akiwa studioni, uhuru wa Kongo haujatimiza miezi mitano. Lumumba alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake Léopoldville, na Katanga, nchi ya Kiswahili nayo, ilikuwa imekwisha kujitenga tangu Julai.

Kwa hiyo nataka kazi yangu ya mwisho wa masomo ihusu lafudhi za Uvira, na nataka kuiandika kwa Kiswahili. Nimeambiwa haiwezekani. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, lakini kitivo cha lugha za Kiafrika kinanitaka nieleze kwa Kifaransa kwa nini mama muuza ndagala wa Kalundu husema "tunaendaka". Mpiga piano wa Brooklyn alikiamini Kiswahili kubeba neno zito kuliko yote ya mwaka ule. Sisi tunaokiotea ndoto hatukiamini kubeba hata utangulizi. Wanasema istilahi hazitoshi. Zitatosha vipi, ikiwa hakuna anayeruhusiwa kuzitumia? Na yule kijana wa kizuizini hajui Kifaransa. Nikiandika juu ya neno lake, naona ana haki ya kulisoma.

Ombi langu bado liko ofisini. Wakilikataa, nitaandika kwa Kifaransa kama wengine, ila mifano yote itabaki kwa Kiswahili cha Uvira bila tafsiri, na msahihishaji atashuka Kalundu kutafuta wa kumsomea.