Msiseme Hamjawahi Kuongoza

Swali hilo huulizwa Bungoma, huulizwa Kitale, huulizwa popote jopo lilipoketi na faili za waombaji kazi: "Una uzoefu gani wa usimamizi?" Na kijana wa Lugulu, diploma mkononi, vyeti vyote vimepigwa mhuri, anainamisha kichwa na kujibu kwamba bado hajapata nafasi ya kusimamia watu. Jibu hilo linanikera kuliko swali lenyewe. Si kweli, na anayelitoa amefundishwa kuamini kuwa ni kweli.

Mchukueni msichana anayeshika daftari la chama cha akina mama. Siku ya mkutano sanduku la pesa huwekwa katikati, mbele ya wote. Lina kufuli tatu. Funguo zimegawiwa wanachama watatu, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Pesa huhesabiwa kwa sauti, mwingine akazirudia, ndipo kalamu iguse daftari. Kampuni kubwa za Nairobi huwalipa wakaguzi wa hesabu pesa nzuri wahakikishe kwamba anayetunza fedha siye anayeidhinisha matumizi. Mama zetu wanalifanya hilo chini ya mwembe, wamekaa kwenye viti vya plastiki vya kuazima. Kisha ni huyo huyo msichana anayesimama kumwambia mama aliyemzidi umri mara mbili kwamba mkopo wake umechelewa na faini ipo. Anamwambia kwa heshima, mbele ya watu, na kesho yake wanakutana posho mill. Nionyesheni meneja wa mjini mwenye kibarua kigumu kuliko hicho!

Au tazameni Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara ya Wabukusu. Nyumba yenye kijana wa kutahiriwa hulisha umati, hupatanisha koo mbili zilizonuniana, hupanga safari ya kwenda kwa mjomba na kurudi kwa wakati. Alfajiri ya kijana kupakwa tope mtoni haiahirishwi kwa sababu mpishi hakufika. Kaka mkubwa aliyeyabeba yote hayo huingia kwenye usaili na kuandika "hakuna" penye uzoefu wa uongozi. Inaniuma.

Lakini kosa kubwa liko upande wa pili wa meza. Majopo yetu yana masikio ya vyeo tu. Ukisema "meneja msaidizi" wanaandika. Ukisema "mweka hazina wa chama" wanapindua karatasi. Ibara ya 232 ya Katiba ya 2010 inataka ajira ya umma iwe kwa ushindani wa haki na kwa ustahili. Haikusema popote kwamba ustahili ni mlango wenye kibao cha jina. Hapa jirani, Webuye, kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilianza uzalishaji miaka ya 1970 na mwaka 2009 kikasimama, kimezongwa na madeni, na mji mzima ukasimama nacho. Sisemi mameneja peke yao ndio waliokiangusha. Nasema hakikukosa mameneja. Vyeo vilikuwepo, ofisi zilikuwepo, na havikutosha kukiokoa. Basi tuache kukiuliza cheo maswali ambayo ni kazi yenyewe inayoweza kuyajibu.

Na wewe mwombaji, tupa zile karatasi za majibu unazonunua kwenye saiba. Jopo limekwisha kusikia mara elfu kwamba udhaifu wako ni kufanya kazi kupita kiasi, hakuna anayekuamini. Ukiulizwa utawasimamiaje watu waliokuzidi umri, usihubiri kuhusu mawasiliano bora. Sema lililotokea: "Mwanachama wetu alishindwa kulipa miezi miwili. Nilimwendea kwake kabla ya mkutano, nikakuta mtoto amelazwa. Niliomba kikundi kimwongezee muda lakini faini ibaki, maana tukiifuta kwake tutaifuta kwa wote. Alimaliza deni lake." Hapo kuna mtu, kuna uamuzi, kuna sababu, kuna matokeo. Ukiulizwa kama umewahi kumfuta mtu kazi, na hujawahi, sema hujawahi, kisha eleza siku mlipomwondoa dereva wa lori aliyekuwa akipunguza magunia njiani, nani aliyekagua, nani aliyemwambia, na mahindi yaliyobaki yalifikaje Kitale. Taja kilo, taja shilingi, taja idadi ya watu. Usiongeze hata gunia moja, kwa maana jopo lina haki ya kumpigia simu mwenyekiti wako.

Bodi za utumishi wa umma za kaunti za Bungoma na Trans Nzoia hazihitaji sheria mpya ili kuanza. Ziongeze sehemu moja kwenye fomu ya maombi kabla ya tangazo la kazi linalofuata: chama, kamati au kikundi ulichosimamia, watu wangapi, pesa kiasi gani zilipita mikononi mwako, nani anaweza kuthibitisha. Kisha jopo limsikilize mwombaji kwenye sehemu hiyo kwa muda ule ule linaompa aliyetoka ofisini.