Ufuo wa ziwa hauchaguliwi kwa macho

Likizo ya Desemba ikifika, mabasi hutoka Nairobi yakielekea Kisumu, na watoto wengi wa Kibera na Kawangware huenda wakaliona Ziwa Victoria kwa mara ya kwanza. Mzazi, utawapeleka ufuo gani? Aghalabu watu hutafuta maji matulivu, ya kina kifupi, yenye majani kandokando. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pabaya zaidi. Konokono wanaoeneza kichocho hupenda maji kama hayo, hasa karibu na mahali watu wanapooga na kujisaidia. Vijidudu hutoka kwa konokono kwa wingi jua la mchana linapowaka, na hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Kumkanya mtoto asiyanywe maji hayo hakutoshi.

Naivasha nako kuna viboko. Huko tazameni tu. Wala vijana wanaobaki nyumbani wasiachiwe Bwawa la Nairobi. Lilijengwa mwaka wa 1953 na zamani watu waliendesha mashua za tanga humo, lakini siku hizi hupokea maji machafu ya Kibera.

Nendeni Dunga, mle samaki, mpande mashua mkiwa mmevaa jaketi za kuokolea. Kuogelea kungoje kidimbwi chenye maji yaliyotiwa klorini. Na aliyekwisha kuingia ziwani apelekwe kupimwa choo baada ya miezi miwili hivi, kwani mapema mayai ya kichocho hayaonekani. Dawa ipo, nayo huitwa prazikwanteli.