Honda ya zamani Kibiti isiuzwe kwa kilo

UKISIMAMA stendi ya Kibiti asubuhi, pikipiki utakazoziona ni Boxer, TVS na za Kichina, zimebandikwa stika mpaka kwenye madigadi. Vijana wa bodaboda wanajua bei ya kila moja, mpya na ya mkononi. Lakini ipite Honda CG125 ya zamani, tangi limepauka, mlio wa taratibu usio na haraka na mtu, shingo zote zitageuka. Halafu atatokea mmoja na lile swali ambalo wenye pikipiki hizo wamelizoea: "Mzee, si uuze tu hiyo uchukue mpya?"

Wengi wanaouza, wanauza vibaya. Wanauza kwa bei ya chuma chakavu kitu ambacho kingeweza kuwa na thamani kubwa zaidi, na mara nyingi kosa lilifanyika miaka mingi kabla mnunuzi hajabisha hodi.

CG125 si pikipiki ya kifahari. Honda waliitoa mwaka 1976 wakizilenga nchi ambako pikipiki hubebeshwa mzigo wa punda na oili hubadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Ndiyo maana injini yake haina cheni ya taimingi ya kulegea. Vali zinasukumwa na fito. Cheni ya nyuma nayo ilifunikwa pande zote ili vumbi na tope visiile. Fundi mwenye spana chache anaifungua chini ya mwembe na kuirudisha kabla ya adhuhuri.

Rufiji ilikuwa mtihani wa kweli kwa mashine ya aina hiyo. Kabla Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, halijafunguliwa mwaka 2003, aliyekwenda kusini alivuka kwa kivuko pale Ndundu. Akishavuka, mbele yake kulikuwa na kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 ambazo madereva wa zamani wakizitaja wanatikisa kichwa. Mabwana shamba, waganga, mapadri na watu wa miradi walipita huko na Honda zao, na Yamaha za DT na AG. Pikipiki iliyopita njia hiyo masika na kiangazi, na bado inawaka leo, ina sifa ambayo dukani haipatikani.

Sasa, sifa bila ushahidi ni porojo tu za kijiweni, na hapo ndipo wakusanyaji wa pikipiki za kale wanapotofautiana na mnunuzi wa kawaida. Mwaka 2018, kwenye mnada wa Las Vegas, Marekani, pikipiki ya Kiingereza aina ya Vincent Black Lightning ya mwaka 1951 iliuzwa kwa dola 929,000. Hakuna aliyetoa fedha hizo kwa sababu ya rangi. Mwaka 1953, Jack Ehret aliweka nayo rekodi ya mwendo kasi ya Australia, na jambo hilo limeandikwa na linajulikana. Mwaka 2023 Harley-Davidson ya mwaka 1908 ikapanda hadi dola 935,000. Hiyo ilisifiwa kwa kubaki na tangi lake, rimu zake, hata ngozi ya kiti chake, baada ya zaidi ya miaka mia moja.

Asitokee wa kumdanganya mzee wa Bungu kwamba Honda yake itafika huko. CG zilitengenezwa nyingi mno, na wingi hushusha bei. Lakini maswali ya mkusanyaji ni yaleyale, Las Vegas au Nairobi: je, namba ya injini inalingana na iliyo kwenye kadi? Vifaa ni vya kiwandani? Nani aliimiliki, na ilifanya kazi gani?

Kibiti inaanguka kwenye swali la kwanza. Viwanda vya China viliiga injini ya CG, kwa hiyo pikipiki nyingi zinazobeba abiria pale stendi zina ukoo na ile Honda inayochekwa. Kwa sababu ya udugu huo, injini ya Kichina mara nyingi inaingia kwenye fremu ya Honda kwa marekebisho madogo. Ikichoka ya Kijapani, fundi anapachika ya Kichina siku hiyohiyo, na ile ya zamani inakwenda kwenye mizani ya wanunua chuma. Fedha yenyewe haimalizi wiki. Kuanzia hapo pikipiki ina fremu ya mwaka huu na injini ya mwaka mwingine, na kadi inasema kitu kingine kabisa.

Vibao navyo vimetupwa. Namba za leo zinaanza na MC. Vile vya zamani vilivyoanza na TZ, au vya DFP vya pikipiki za miradi, vimeishia kuziba matundu ya mabanda ya kuku. Kibao kama hicho ndicho kinachomwambia mgeni kwamba mashine hii ilikuwapo. Na wale wanaopaka rangi mpya inayong'aa kabla ya kuuza, wakidhani wanaongeza bei, wanafuta kwa mkono wao kitu ambacho mkusanyaji angekilipia. Rangi iliyopauka kihalali ina thamani kuliko rangi ya jana.

Ni kweli, mwenye pikipiki huku hana sebule ya kuiegesha kama sanamu. Anayetoka Nyamisati na tenga la samaki hawezi kungoja pistoni kutoka Japani. Na mazingira ya delta hayana huruma: maji chumvi yanakula spoku na ekzosi, na mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia mpaka ndani ya nyumba Rufiji na Kibiti. Pikipiki iliyolala majini haipigwi kiki kwa hasira. Inatolewa plagi, inamwagwa oili yote, inakaushwa kabureta, ndipo ijaribiwe. Wangapi wameua injini nzima kwa kiki moja ya pupa?

Kwa hiyo afunge injini ya Kichina, hakuna ubaya, aendelee na kazi. Ila ile ya kwanza isiuzwe kwa kilo. Ipakwe grisi, ifungwe kwenye gunia kavu, iwekwe juu ambako maji hayafiki, pamoja na kadi ya kwanza na kibao chake.

Wasimamizi wa michezo ya magari na pikipiki nchini nao wana kazi hapa. Nairobi, tangu mwaka 1970, klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo inaandaa mashindano ambayo siku hizi hufanyika uwanja wa Ngong, magari na pikipiki vikikaguliwa na majaji na kupewa pointi kwa hali na matunzo. Hakuna kinachozuia siku moja kama hiyo Kibiti. Ziondoke pale mjini, zipite Ikwiriri, zivuke Daraja la Mkapa na kurudi, bila mbio za kuuana. Pointi zitolewe kwa namba zinazolingana, kwa vifaa vya kiwandani, kwa historia inayothibitika, na nyingine kwa pikipiki inayowaka kiki ya kwanza mbele ya watu. Trafiki, turubai, meza ya majaji na spika moja vinatosha kuanzia.

Siku hiyo mnunuzi kutoka Dar es Salaam akiuliza injini yake ya asili iko wapi, mzee ataingia ndani na kutoka na gunia.